Mkate, Uyoga na Moto wa Juu: Kupika Zapiekanka ya Polandi Nyumbani

Leo nimekuja na chakula. Kinatoka Polandi, Ulaya ya Kati, na kinaitwa zapiekanka. Tamka taratibu: za-pye-kan-ka. Ni mkate mrefu uliopasuliwa kwa urefu wake, ukalazwa wazi bila kufunikwa na kipande cha pili. Juu yake hutandazwa uyoga uliokaangwa na kitunguu, kisha jibini iliyokunwa, halafu mkate wote huokwa mpaka jibini iyeyuke na ianze kushika rangi. Ukitoka motoni hutiwa sosi ya nyanya, na mlaji huula ungali wa moto, amesimama.

Vitu vyake vikuu havizidi sita, na hakuna nyama hata kipande. Ndiyo maana nimekichagua. Ninalotaka kulisema leo ni kwamba chakula kilichozaliwa na uhaba kinataka uangalifu mkubwa kuliko chakula cha karamu. Karamu ina vingi, na kimoja kikiharibika kingine kitakifunika. Penye vitu sita, kila kimoja kinaonekana, na kila kimoja lazima kifanye kazi yake.

Polandi si ngeni kabisa kwetu. Wasikilizaji wa Arusha wanayajua makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Hao ni watu ambao utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu kutoka mashariki mwa Polandi, ukawapeleka Siberia na Asia ya Kati. Kuanzia mwaka 1942 walitoka huko kupitia Iran, na maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru peke yake ilipokea watu wapatao 5,000, na wengine walikaa Masindi na Koja, nchini Uganda. Siku hizi Wapolandi tunawaona zaidi Zanzibar, wakija likizo kukimbia baridi ya kwao.

Wale wa Tengeru hawakuijua zapiekanka. Waliondoka kwao kabla haijakuwepo, na nchi waliyoiacha ilibomolewa na vita kisha ikaangukia chini ya serikali ya kikomunisti. Ni chini ya serikali hiyo, katika miaka ya 1970, mkate huu ulipozaliwa.

Mwaka 1970 Edward Gierek alishika uongozi wa chama tawala. Alikuwa amekulia Ufaransa na kufanya kazi ya mgodini huko na Ubelgiji, na aliwaahidi Wapolandi maisha bora. Serikali yake ilikopa fedha nyingi kutoka nchi za Magharibi, viwanda vikajengwa, na kuanzia mwaka 1973 gari dogo la Fiat 126 likaanza kutengenezwa hapohapo nchini. Mijini vikachomoza vibanda vya chakula cha haraka kwa mtu anayetoka kazini au anayesubiri treni. Kwenye vibanda hivyo ndipo zapiekanka ilipopata wateja wake wa kwanza.

Neema ile haikudumu. Mwaka 1976 sukari ilianza kuuzwa kwa kadi za mgao, na mwezi Juni mwaka huohuo wafanyakazi wa miji ya Radom na Ursus waligoma kupinga kupandishwa kwa bei za vyakula. Julai 1980 ikapandishwa bei ya nyama, migomo ikaenea nchi nzima, na mgomo wa Agosti katika kiwanda cha meli cha Gdańsk, ulioongozwa na Lech Wałęsa, ukazaa chama huru cha wafanyakazi, Solidarność. Aprili 1981 nyama nayo ikaingia kwenye mgao. Mfanyakazi wa kawaida alistahili kilo chache tu kwa mwezi mzima, na kuwa na kadi mkononi hakukumhakikishia kuikuta nyama buchani. Mgao huo uliondolewa mwaka 1989. Wasikilizaji wa Tanzania mliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 hamhitaji kuelezwa maana ya kupanga foleni kutwa kwa ajili ya sukari na sabuni.

Sasa jiweke mahali pa mwenye kibanda. Mkate upo. Jibini leo ipo, kesho haipo. Nyama usiitaje. Wateja wamesimama nje kwenye baridi na wanataka kitu cha moto, kitakachoshibisha. Utawapa nini? Jibu lilikuwa uyoga.

Wapolandi ni watu wa uyoga tangu zamani. Utenzi wao mkuu wa taifa, Pan Tadeusz, ulioandikwa na Adam Mickiewicz na kuchapishwa mwaka 1834, una sehemu nzima inayowaeleza watu wakiokota uyoga msituni. Mpaka leo, ikifika majira ya mvua za vuli, familia hubeba vikapu na kuingia msituni. Lakini uyoga wa msituni una msimu wake, na kibanda hakiwezi kuishi kwa msimu. Uyoga wa zapiekanka ni ule mweupe wa duara unaooteshwa ndani ya banda, juu ya mboji ya majani makavu ya ngano na samadi. Hauhitaji jua wala hausubiri mvua. Mkulima mdogo wa binafsi aliweza kuuvuna mwaka mzima, hata theluji ikiwa imejaa nje. Kilimo hicho kimekua kiasi kwamba leo Polandi ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa uyoga barani Ulaya.

Uyoga ulishika nafasi ya nyama, na haukuishika kwa kujaza tumbo tu. Mwaka 1908, mjini Tokyo, mwanakemia Kikunae Ikeda aligundua kwamba supu ya mwani wa baharini ina ladha ambayo si chumvi, si sukari, si ukali wala si uchungu. Ni ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama iliyochemka sana, ile inayokufanya umeze mate. Aligundua kwamba inatokana na glutameti. Uyoga una glutameti. Jibini iliyokaa muda ina glutameti nyingi. Nyanya zilizoiva, na hasa zilizopikwa zikawa nzito, zinayo pia. Mwenye kibanda hakuwa na habari za Ikeda, lakini alichokiweka juu ya mkate ni vitu vitatu vyenye ladha hiyohiyo. Ndiyo maana mtu anakula zapiekanka, anamaliza, na hajauliza nyama iko wapi.

Sasa twende jikoni, na hapa nakuomba usikilize kwa makini, kwa sababu chakula hiki kina adui mmoja tu, na adui huyo ni maji. Uyoga mbichi ni maji matupu: takriban asilimia 90 ya uzito wake. Ukiuweka mbichi juu ya mkate na kuuoka, maji yote yatashuka kwenye mkate. Utatoa motoni kitu kilicholowa, jibini inateleza, mkate umekuwa uji. Ukiwahi kula zapiekanka mbaya, ujue mpishi aliharakisha uyoga.

Kwa watu wanne tafuta uyoga gramu 400 hadi nusu kilo, kitunguu kikubwa kimoja, jibini gramu 200, mikate miwili mirefu, siagi kidogo, chumvi na pilipili manga. Uyoga mweupe unapatikana katika maduka makubwa ya miji yetu. Ukiukosa, tumia uyoga wa mamama, unaooteshwa na vikundi vingi vya wakulima wadogo na kuuzwa mbichi sokoni. Huo uchane kwa vidole kufuata nyuzi zake, kisha uukatekate. Neno moja la tahadhari: uyoga wa porini usioujua usiuguse. Upo unaoua, na kuupika hakuondoi sumu yake.

Kata uyoga vipande vidogo sana, au ukune kwa upande wa matundu makubwa. Weka kikaango kipana motoni na kikipata moto tia mafuta kidogo na kitunguu. Kitunguu kikilainika, tia uyoga. Usiujaze ukapandana. Kama kikaango ni kidogo, kaanga mara mbili. Moto uwe wa kutosha, na usifunike.

Sasa tega sikio, maana uyoga unajisemea wenyewe. Mwanzoni utasikia sauti ya kitu kinachochemka, kwa kuwa maji yanatoka na kikaango kinajaa mchuzi. Wengi huishia hapo, wakidhani umeiva. Haujaiva, unachemka. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na maadamu kuna maji kikaangoni, uyoga hautapita joto hilo kwa kiasi cha maana. Ile rangi ya hudhurungi na ile harufu ya kitu kilichokaangwa huanza kuja karibu na nyuzi 140. Kwa hiyo acha, endelea kugeuza na mwiko. Baada ya dakika kumi hivi, au zaidi kidogo, sauti itabadilika. Itakuwa ya mafuta, nyembamba na ya haraka. Hapo maji yamekwisha. Upe dakika mbili tatu za kushika rangi, ndipo utie chumvi na pilipili manga. Ule uyoga uliojaza kikaango umebaki mikono miwili tu, na ladha yake yote umebaki nayo.

Uache upoe. Uyoga wa moto unaendelea kutoa mvuke, na mvuke ni maji yaleyale tunayoyakimbia. Hata ukiupika leo na kuuweka kwenye friji mpaka kesho, hautaharibika, na jioni ya kazi utakuwa umebakiwa na kazi ya dakika kumi na tano.

Tuje kwenye mkate. Wapolandi hutumia mkate mrefu mwembamba wa aina ya Kifaransa, nusu yake ikiwa na urefu unaoweza kufika sentimita 50. Wasikilizaji wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura, ninyi mkate huo mnao kila asubuhi. Zanzibar na Mombasa kuna boflo, nalo linafaa sana. Mkate wa slesi ni laini mno. Ukiwa ndio ulionao, ubanike vizuri pande zote mbili kwanza. Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa sababu umepungua maji na utabanika vizuri. Yule anayetupa mkate uliokauka, leo amepata kazi ya kuupa.

Pasua mkate kwa urefu. Kwa vidole vyako bonyeza ile sehemu laini ya katikati ishuke kidogo, ili uyoga ukae ndani usidondoke. Paka siagi, nyembamba, ifike mpaka kingoni. Kisha uweke mkate mtupu motoni dakika tatu au nne, ukauke juu. Hatua hii wengi huiruka, na ni kosa. Siagi na ule ukavu wa juu vinauzuia unyevu uliobaki usizame ndani. Ukimaliza, tandaza uyoga, halafu jibini.

Jibini nayo ina kazi yake, nayo ni kuyeyuka na kushikilia. Chagua ya manjano isiyokaa muda mrefu sana, kama Gouda au Cheddar changa. Jibini kavu sana, iliyozeeka, huachana na mafuta yake. Jibini mbichi ya kugandishwa kwa ndimu au siki haiyeyuki kabisa, hata uichome vipi. Wenzetu wa Kivu wana bahati: ile jibini ya milima ya Masisi, inayouzwa Goma kwa duara zake, ni ya jamii ya Gouda, na inafanya kazi hii vizuri. Ikune, usiikate mapande, na uitandaze mpaka kwenye kingo za mkate. Kingo zisizofunikwa huungua kabla ya katikati kuwa tayari.

Sasa moto. Mwenye oveni aiwashe mapema, nyuzi 200, aweke mkate sehemu ya juu ya oveni kwa dakika nane hadi kumi. Jibini ikianza kutoa mapovu na kuweka madoa ya hudhurungi, toa.

Asiye na oveni asifunge redio. Pwani yetu imeoka kwa makaa tangu zama za mabibi. Anayejua kupalia wali, au kuoka mkate wa kumimina kwa moto wa chini na wa juu, tayari anajua kuoka zapiekanka. Tafuta sufuria pana yenye kitako kizito, tia mchanga mkavu ndani, na juu ya mchanga weka sahani ya bati au kisinia. Funika, iache ipate moto. Kisha weka mikate iliyoandaliwa, funika kwa mfuniko wa chuma, na uupalie makaa juu. Makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Mkate umekwishabanikwa, na kinachohitaji moto sasa ni jibini. Chungulia baada ya dakika tano. Kwa mwenye jiko la gesi peke yake, kikaango kizito chenye mfuniko na moto mdogo kitaiyeyusha jibini, ila haitapata madoa ya rangi. Bado ni chakula kizuri.

Ukishatoa, mimina sosi ya nyanya kwa mstari juu ya urefu wa mkate, na unyunyizie majani ya kitunguu yaliyokatwa madogo. Sosi isiwekwe kabla ya kuoka. Ukali wake mbichi na ubaridi wake ndivyo vinavyoikata jibini mdomoni. Mpenda pilipili aongeze ya kwake hapo. Kisha ule mara moja, kwa sababu zapiekanka iliyopoa jibini yake hukaza na mkate wake hulegea.

Msikilizaji, nirudi Polandi kabla sijaaga, maana kuna jambo limetokea huko linalonigusa. Desemba 1988 ilipitishwa sheria iliyowaruhusu watu kuanzisha biashara kwa uhuru, na matela madogo ya kuvutwa na gari, yaliyotengenezwa Niewiadów kwa ajili ya likizo, yakageuzwa vibanda vya zapiekanka kando ya barabara na stesheni. Kisha Juni 1992 ulifunguliwa mgahawa wa kwanza wa McDonald's mjini Warszawa. Pizza na kebabu nazo zikaenea. Zapiekanka ikaonekana chakula cha enzi ya shida, na ni kawaida ya wanadamu kukionea haya chakula cha siku za shida pindi shida ikiisha.

Lakini Wapolandi wameirudia. Leo watu husafiri mpaka Kraków, mtaa wa Kazimierz, kwenye uwanja wa Plac Nowy, kwa ajili yake. Kazimierz ulikuwa mtaa wa Wayahudi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katikati ya uwanja huo kuna jengo la duara lililojengwa mwaka 1900, ambamo zamani kuku walichinjwa kwa kufuata sheria ya dini ya Kiyahudi. Sasa madirisha yake yanauza zapiekanka mpaka usiku wa manane, na foleni zinazopangwa hapo ni za watu waliochagua kusimama.

Huko utaikuta ya kila namna: yenye nyama ya nguruwe iliyokaushwa, yenye kuku, yenye mahindi, yenye oscypek, ile jibini ya kondoo iliyofukizwa moshi kwenye milima ya Tatra, ambayo Umoja wa Ulaya uliipa ulinzi wa jina mwaka 2008. Sina ugomvi na hizo. Kila mtu na mdomo wake. Lakini ushauri wangu kwako unayeanza ni kwamba usianze na hizo. Anza na ile ya uyoga na jibini peke yake. Ukirundika vitu saba juu ya mkate kabla hujajua kuukausha uyoga, hutajua kilichoharibika ni kipi, na mkate utalowa vilevile. Ile ya kawaida ndiyo itakayokufundisha moto, na itakuonyesha wazi ulipofaulu na ulipoharakisha.

Na hapo mpishi wa nyumbani ana jambo ambalo mwenye kibanda hakuwa nalo. Yule alikuwa na watu kumi dirishani na uyoga wa kugawia siku nzima. Wewe una watu wako wanne na jioni yako. Unaweza kuusubiri uyoga mpaka ubadilishe sauti. Unaweza kuwapa watoto kazi ya kukuna jibini na kubonyeza mikate. Tunazo nyumbani siku ambazo mfuko umekauka na nyama haijaonekana, na mara nyingi siku hizo tunapika kwa kukata tamaa, bora liende. Ninaamini siku hizo ndizo za kupika kwa uangalifu zaidi. Anayekula kidogo anastahili kidogo hicho kiwe kitamu, na anayekipika hivyo anawaheshimu walio mezani pake.

Basi juma hili ukiuona uyoga sokoni, nunua nusu kilo. Mkate wa jana usiutupe. Kausha uyoga, banika mkate, kuna jibini, palia makaa. Ukishaila ile ya kawaida ukairidhia, ndipo uongeze cha kwako.